Monika aliomba altare, hakuomba kaburi



Kila Agosti 27 Kanisa Katoliki linamkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake, Agosti 28, linamkumbuka mwanawe, Mtakatifu Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa. Siku hizo hazikufuatana hivyo kwa bahati. Zamani sikukuu ya Monika ilikuwa Mei 4. Kalenda ya liturujia ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1969, mama akasogezwa akawekwa jirani na mwanawe.

Wengi wetu tunamfahamu Monika kama mama wa machozi. Kina mama wa WAWATA wanamtaja katika sala zao, na mzazi ambaye kijana wake amepotelea kwenye pombe au ameacha Kanisa hukimbilia kwake. Ni vizuri. Lakini leo naomba tusiishie kwenye machozi. Nataka tutazame jambo lisilosemwa sana: namna Monika alivyotaka kukumbukwa baada ya kufa, na namna mwanawe alivyomkumbuka.

Nimelichagua kwa sababu sisi mapadre tunazika kina bibi na kina mama wa imani karibu kila wiki. Tunawaona watoto na wajukuu wakilia, wakichanga, wakikesha. Kisha turubai linashushwa, wageni wanaondoka, na mara nyingi bibi anaondoka nao. Linabaki kaburi zuri na picha ukutani.

Binti wa Afrika

Karibu yote tunayoyajua kuhusu Monika tunayapata kwa mwanawe, hasa katika kitabu cha tisa cha Maungamo, ambayo Augustino aliyaandika miaka kama 10 baada ya kumzika mama yake. Alizaliwa mwaka 331 au 332 hivi katika mji wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, mashariki mwa Algeria. Ni Mwafrika mwenzetu, na wataalamu wengi wanaona hata jina lake ni la Kiberberi, watu wa asili wa Afrika Kaskazini.

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa ya Kikristo, lakini Augustino anasema kwamba sifa ya malezi mama yake hakuwa akiwapa wazazi peke yao. Alikuwa akimtaja zaidi mtumishi mmoja mzee, mwanamke aliyekuwa amembeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mtoto. Mama huyo alipewa kazi ya kuwalea mabinti wa nyumba, na alikuwa mkali. Nje ya saa za chakula hakuwaruhusu kunywa hata maji, wasije wakazoea kunywa ovyo na kesho, watakapokuwa wenye funguo za ghala, wakahamia kwenye divai.

Tazama jinsi imani inavyosafiri, msomaji wangu. Mtume Paulo, anapomwandikia Timotheo waraka wa pili, anamkumbusha imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nyuma ya Augustino yupo Monika, na nyuma ya Monika yupo mtumishi mzee ambaye hata jina lake halikuandikwa. Kila familia yenye imani ina mtu wa namna hiyo: bibi asiyejua kusoma lakini anayejua sala zote za asubuhi, au shangazi aliyekuwa akiwaamsha watoto kwenda Misa ya kwanza. Umeshawahi kumwombea wa kwenu?

Ndani ya nyumba ya Patricius

Monika aliolewa na Patricius, mjumbe wa baraza la mji, mtu ambaye hakuwa Mkristo. Augustino hamfichi baba yake. Anasema alikuwa mwema kwa moyo lakini mwepesi wa hasira, na hakuwa mwaminifu kwa mkewe. Monika alijifunza kutobishana naye wakati hasira imepanda. Alisubiri itulie, ndipo akazungumza naye na kujieleza.

Hapa niseme neno moja, kwa sababu sehemu hii imetumika vibaya. Wapo wanaomchukua Monika na kumwambia mwanamke anayepigwa kila siku: vumilia, mbona Monika alivumilia? Hiyo si haki. Augustino mwenyewe anaeleza kwamba wanawake wa jirani walikuwa na alama za kipigo usoni, nao walishangaa kwamba Monika hakuwahi kuonekana na dalili ya kupigwa, ingawa mumewe alijulikana kwa hasira. Uvumilivu wa Monika haukuwa wa kupokea makofi. Na Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi wa ndoa kutengana na mwenzake anayemtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili. Anayepigwa atafute usalama kwanza. Mtakatifu Monika hatamlaumu.

Kulikuwa pia na mama mkwe. Mwanzoni alimchukia Monika kwa sababu ya maneno ya watumishi. Monika hakujibu maneno kwa maneno. Aliendelea kumheshimu na kumtumikia kwa upole, mpaka mama mkwe mwenyewe akawageukia wale wachochezi, na wakaishi kwa upendo.

Lakini sifa ambayo Augustino anaionyesha kama kipaji kikubwa ni hii. Watu wawili wakigombana, kila mmoja alikuja kwa Monika kumwaga uchungu wake juu ya mwenzake. Yeye alisikiliza pande zote, na kwa kila upande alipeleka yale tu yanayoweza kupatanisha. Yale machungu yalibaki kwake. Augustino anasema angeliona hilo kuwa jambo dogo, kama asingekuwa ameona watu wengi wakibeba maneno ya adui kwa adui, tena wakiongeza na yasiyosemwa.

Ndugu yangu, hili tunalijua hata bila kusoma Maungamo. Katika familia zetu, mama akiwa hai ndugu hawagombani, au wakigombana hawafiki mbali. Kaka wa mjini amemkosea dada wa kijijini, maneno yanapita kwa mama, na mama anayachuja. Akishafariki, chujio limeondoka. Mwaka haujaisha, watu wako baraza la ardhi wakigombea shamba na nyumba aliyowalelea humo. Kama unataka kumkumbuka mama yako kweli, anza kwa kuuliza: kazi ile ya kuchuja maneno, nani ameirithi? Mashamba yana warithi wengi sana. Kazi hii mara nyingi haina hata mmoja.

Patricius alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafa Augustino akiwa kijana wa miaka 17 hivi.

Mtoto anayekimbia

Habari za Augustino ujana wake wengi mnazijua. Alikwenda kusoma Karthago, akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodatus. Akaingia katika dhehebu la Wamani, akakaa nalo miaka kama tisa. Kuna wakati Monika alikataa hata kula naye meza moja. Akaota ndoto, na ndani yake akaelezwa kwamba pale aliposimama yeye, na mwanawe atakuwapo. Akamfungulia tena mlango. Akamwendea askofu mmoja amsihi azungumze na kijana wake. Askofu alikataa, akaona kijana bado hafundishiki, lakini akampa moyo kwamba mwana anayeliliwa namna ile hawezi kupotea.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya. Alimwambia anamsindikiza rafiki bandarini, akamwacha akisali usiku katika kikanisa cha kumbukumbu ya Mtakatifu Cyprian, naye akapanda meli kwenda Roma. Asubuhi mama alikuta bahari tupu. Miaka miwili baadaye alivuka bahari ileile na kumfuata Milano, na njiani, tufani ilipowatisha mabaharia, yeye ndiye aliyewatuliza.

Uji, mkate na divai makaburini

Huko Milano likatokea jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa. Afrika Kaskazini Wakristo walikuwa na desturi ya kwenda kwenye makaburi ya mashahidi na uji, mkate na divai, kuwakumbuka hapo. Monika naye alizoea hivyo. Alipofika Milano na kikapu chake, mlinzi wa mlango akamzuia: Askofu Ambrosi amekataza. Sababu ni kwamba wengine waligeuza kumbukumbu kuwa ulevi, na desturi yenyewe ilifanana sana na karamu ambazo wapagani waliwafanyia wafu wao.

Mgeni, mjane, mtu mzima aliyelizoea jambo hilo maisha yake yote, angeweza kununa. Hakununa. Augustino anasema alishangaa kuona jinsi alivyoacha mara moja. Tangu siku hiyo, badala ya kikapu cha vyakula, alipeleka kwa mashahidi moyo uliojaa sala. Na kile alichoweza kutoa, aliwapa maskini. Ukumbusho wa wafu ulikamilishwa altareni, inapoadhimishwa Ekaristi.

Hilo ndilo Kanisa linalofundisha hata leo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1032, inatukumbusha kwamba tangu mwanzo Kanisa limewaheshimu marehemu na kuwaombea, hasa kwa sadaka ya Ekaristi. Inahimiza pia kuwapa maskini, rehema na matendo ya toba kwa ajili yao. Kabla ya Kristo, Yuda Makabayo alichanga fedha kwa watu wake, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa, kama tunavyosoma katika kitabu cha pili cha Makabayo, sura ya 12. Basi hata michango ya msiba si jambo geni katika Maandiko. Swali ni inakwenda wapi.

Siku tisa za Ostia

Augustino aliongoka mwaka 386. Akabatizwa na Ambrosi usiku wa Pasaka wa mwaka 387, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Mwaka huohuo wakaanza safari ya kurudi Afrika. Wakiwa Ostia, bandari ya Roma, wakisubiri meli, mama na mwana walisimama dirishani panapotazama bustani ya nyumba, wakazungumza juu ya uzima wa milele. Monika akamwambia mwanawe kwamba hakuna tena kinachomfurahisha hapa duniani. Alilokuwa akilingoja ni kumwona Mkristo Mkatoliki, na Mungu amempa zaidi ya hapo.

Baada ya siku kama tano homa ikamshika. Siku moja alizimia, na alipozinduka aliwaambia wanawe wawili, Augustino na Navigius, kwamba watamzika mama yao hapohapo. Augustino alinyamaza akizuia machozi. Navigius akasema afadhali angefia nyumbani kuliko ugenini. Ni neno ambalo kila mmoja wetu angelisema. Sisi tunakodi magari kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, Songea au Moshi ili mama alale kwao, na si vibaya. Lakini Monika alimtazama Navigius kwa macho ya kumlaumu, kisha akawaeleza wote wawili wosia wake: mwili huu uwekeni popote, msisumbuke nao. Alichowaomba ni kimoja tu, kwamba popote watakapokuwa wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Augustino alishangaa, kwa kuwa alijua jinsi mama yake alivyokuwa akihangaikia kaburi. Alikuwa amekwisha kujiandalia nafasi pembeni ya mumewe kule Thagaste, na alitamani watu waone kwamba baada ya kuvuka bahari amerudi kulala naye. Baadaye Augustino alisikia kwamba, watu walipomuuliza mama yake kama haogopi kuuacha mwili mbali na kwao, aliwajibu kwamba hakuna mahali palipo mbali kwa Mungu, wala hana hofu kwamba siku ya mwisho Mungu atashindwa kujua wapi pa kumfufulia.

Siku ya tisa ya ugonjwa alifariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Adeodatus, kijana mjukuu, alipaza sauti ya kilio. Evodius, rafiki wa familia, alichukua Zaburi akaanza kuimba, na nyumba nzima ikaitikia. Misa iliadhimishwa kando ya kaburi, mwili ukiwa bado haujashushwa. Augustino alijikaza, akaona aibu kulia. Usiku ulipopita, akiwa peke yake mbele ya Mungu, alilia.

Kumbukumbu ya kweli

Sasa angalia alivyomkumbuka. Huku kwetu wasifu wa marehemu huandikwa usiku mmoja na kusomwa dakika 10. Ndani yake kila bibi alikuwa mcheshi, mkarimu, hakuwahi kugombana na mtu. Tukimaliza kusoma, tumeshamtangaza mtakatifu. Na mtakatifu haombewi. Hapo ndipo tunapowanyima marehemu wetu haki yao bila kukusudia.

Augustino aliandika tofauti. Anatusimulia kwamba Monika alipokuwa binti, akitumwa kuchota divai kwenye pipa, alikuwa akionja kidogo. Onjo likakua siku hadi siku mpaka likawa vikombe vilivyokaribia kujaa. Siku moja kijakazi aliyekuwa akifuatana naye aligombana naye, akamtukana kuwa mlevi. Lile tusi likamchoma, akajitazama, akaacha palepale. Tena Augustino anaeleza kwamba yule mwanamke aliyeishi naye miaka 15 hivi alirudishwa Afrika ili yeye atafutiwe ndoa ya heshima, na mama yake ndiye aliyesukuma zaidi mipango ya ndoa hiyo. Mwanamke yule aliondoka peke yake akamwacha mtoto, na Augustino anakiri moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu. Hatusomi habari hiyo tukafurahi. Hata mama wa imani anaweza kuwatakia wanawe mema kwa njia inayomwumiza mtu mwingine.

Je, Augustino alimkosea heshima mama yake? Hapana. Kwa kuwa alimkumbuka alivyokuwa, aliweza kufanya kile mama alichokiomba. Baada ya kutaja mema yake, anaweka sifa pembeni na kumsihi Mungu amsamehe dhambi zake zote. Kisha anawaomba wote watakaosoma kitabu chake wawakumbuke altareni Monika na Patricius mumewe. Patricius naye, pamoja na hasira zake! Kwa ombi hilo Augustino aliueneza wosia wa mama kuliko alivyoweza kuutimiza peke yake. Tumeusoma hata sisi, huku Afrika Mashariki, zaidi ya miaka 1,600 baadaye.

Na lile kaburi? Mwaka 1430 masalia yake yalihamishiwa Roma, na leo yamo katika Basilika ya Mtakatifu Augustino. Jiwe la kaburi la Ostia lilivunjika na kupotea ardhini. Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo walikuta kipande chake, kikiwa na maandishi ya kumsifu Monika. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kipo wapi. Altareni hakuwahi kusahaulika.

Tufanye nini

Sisemi usijenge kaburi. Kaburi safi ni heshima, na kuzika ni tendo la huruma. Nasema kuna familia imekopa fedha kuweka marumaru, na tangu siku hiyo haijamwombea mama yao Misa hata moja. Kuna nyingine inaomba Misa ya kumbukumbu kila mwaka, lakini wakati wa Misa nusu ya wanafamilia wako nje wakisimamia masufuria na kupanga viti vya wageni. Mama aliyekuwa hakosi kanisani anakumbukwa na watoto walioko nyuma ya jiko.

Nakuomba mambo manne mepesi. Kwanza, andika katika daftari la familia tarehe aliyofariki bibi au mama yenu, na kila mwaka ikikaribia upeleke nia ya Misa parokiani. Ingieni kanisani wote, na mwenye nafasi ya kuungama aungame, apokee Ekaristi kwa ajili yake. Pili, mnapopanga bajeti ya kumbukumbu, tengeni fungu la mgonjwa asiye na ndugu au mtoto asiye na sare ya shule, mlitoe kwa jina la mama. Tatu, wasimulieni wajukuu habari zake za kweli, pamoja na pale alipojikwaa na alivyoinuka. Mtoto atajifunza zaidi kwa bibi aliyepigana na udhaifu wake kuliko kwa bibi asiyewahi kukosea. Nne, kama kuna ndugu mmenuniana tangu siku ya mgawanyo wa mali, mpigie simu kabla ya Misa hiyo. Bwana alikwisha tufundisha kwamba anayekuja na sadaka akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aende kwanza akapatane naye.

Na wewe bibi au mama unayesoma haya ukiwa hai, fanya kama Monika. Usiwaachie watoto wako wosia wa shamba na nyumba pekee. Waite, waambie waziwazi ni kitu gani unataka wakufanyie utakapokuwa umeondoka. Waambie sasa, ungali na sauti.

Mtakatifu Monika, utuombee.